Hodi ya Mpangaji

Siku Mabatini ilipohama, milango ndiyo iliyotangulia. Iling'olewa mapema, kabla jua la Voi halijaanza kuuma, ikapanda juu ya vichwa vya watu na kuvuka reli mmoja nyuma ya mwingine. Mtu aliyesimama ng'ambo angeapa kwamba milango imeota miguu. Wa bluu uliufuata wa kijani, wa kijani ukaufuata wa mabati yaliyogongwagongwa, na kila mmoja ulikuwa na namba ya rangi nyekundu kifuani.

Haikuwa mchezo. Serikali na baraza la mji walikuwa wamekubali kwamba watu wa Mabatini, waliokaa miaka na miaka juu ya ardhi ya wenyewe kama kunguru juu ya paa, wapewe ploti upande wa juu, penye maji ya mfereji na barabara iliyochongwa. Simiti na mabati vingekuja kwa mkopo wa pole pole. Matofali wangefyatua wenyewe, kwa ule udongo mwekundu ambao mpaka hapo ulikuwa haujawafaa kitu zaidi ya kuwachafulia nguo. Ardhi isingeuzwa. Ingebaki ya wote, na juu yake kila mtu awe na nyumba yake. Ukichoka kukaa, unarudishia kundi, humpi tajiri. Ndipo wahesabuji walipopita na mkebe wa rangi, wakaandika namba kwenye kila mlango uliolaza watu nyuma yake. "Mwenye mlango ndiye mwenye ploti," walisema, na watu wakalishika neno hilo kwa meno. Walipoambiwa wahame, hakuna aliyeacha mlango wake. Mzee Fuad, mwenye vibanda vya kupangisha, alipopiga kelele, kamati ilimwambia achukue udongo wake wote na paa lake lote, mlango auache.

Kalondu alibeba wake mwenyewe. Ulikuwa mlango wa mbao nene, mzito kuliko kibanda ulichokuwa ukikifunga, na namba yake ilikuwa sitini na tatu. Nyuma yake alifuata Katuku, binti yake wa miaka minne, amebeba kigoda kichwani kwa maringo kama bibi arusi wa harusi asiyoijua.

Alikuwa amefika Voi kutoka Miasenyi, alikokuwa akiwauzia madereva wa malori chai na mayai kando ya barabara. Mumewe, Mwanzia, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ndizi huko Taveta, mtu wa kuonekana mwisho wa mwezi. Kile chumba cha sitini na tatu walikikuta kitupu, rangi ya namba bado inang'aa. Kwa nini kilikuwa kitupu hakuna aliyewaambia, na kwa vile kodi ilikuwa nafuu, Kalondu hakuuliza. Kamati ilipokuja kugawa ploti iliwakuta wao, ikawaandika wao. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kulala penye paa lisilokuwa la mtu mwingine, na neno "ploti" lilipotamkwa pamoja na jina lake alilazimika kukaa chini.

Jioni alisoma ngumbaru, kwenye darasa la shule ya msingi, magoti yakigonga madawati ya watoto. Siku moja mwalimu wao, Carolyne, aliandika ubaoni "nyumba yangu", na chini yake "kwangu", akauliza tofauti iko wapi.

"Hakuna," alisema mzee Ngui mchoma makaa. "Ni watu wa pwani tu wanapenda maneno mengi."

"Iko, mzee. Nyumba yangu ni mali. Kwangu ni mahali. Mali unaweza kuuza. Mahali utamuuzia mtu vipi?"

Darasa lilicheka, lakini Kalondu alikwenda na maneno hayo nyumbani. Aliyarudia kila alipobonyeza mkono wa ile mashine ya kufyatulia matofali, yeye na wanawake wenzake, mmoja akichekecha udongo, mmoja akipima simiti kwa kopo. Mali, mahali. Mali, mahali. Ukuta ukapanda.

Chumba cha kwanza kilipoezekwa, fundi alipachika mlango, akatia kufuli, akampa ufunguo na kwenda zake. Kalondu alirudi alasiri, Katuku mgongoni, kifurushi cha nguo kichwani. Akasimama mbele ya mlango. Nyumba yake. Hapakuwa na mtu njiani, na upepo ulikuwa umekufa.

Mtu aliyeingia kwa watu maisha yake yote, mdomo wake hutangulia akili.

"Hodi," alisema Kalondu.

"Karibu," sauti ikaitika kutoka ndani. "Ndani ni kwangu."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, isiyo na hasira wala haraka. Kalondu alicheka, akidhani wenzake wa matofali wanamtania. Kisha akaangalia mkono wake. Ufunguo ulikuwa humo, na kufuli lilikuwa limening'inia pale pale fundi alipoliacha.

Alizunguka nyumba. Dirisha lilikuwa moja, bado limezibwa kwa mbao na misumari. Akarudi, akafungua, akaingia. Chumba kilikuwa kitupu, sakafu safi, kuta zikinuka simiti mbichi. Lakini chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, chachu kidogo, ambayo kila mtu wa Voi anaijua hata kama hajawahi kuikaribia kazi yenyewe: harufu ya mkonge uliolowa.

*

Akajiambia ni uchovu. Mama mwenye mtoto, mashine ya matofali na masomo ya jioni anaweza kusikia lolote.

Lakini Katuku alianza tabia mpya. Saa saba mchana, wakati ambapo Voi yote hulala chali na hata kuku hawataki kuvuka njia, Kalondu alirudi kutoka kwenye kioski cha maji akamkuta ameketi juani, mgongo ukutani, mlango wazi kando yake.

"Mbona huingii kivulini?"

"Sijaambiwa karibu."

"Nani akuambie? Hii ni nyumba yako."

"Susu amelala," alisema mtoto kwa sauti ya kunong'ona.

"Bibi yako yuko Kibwezi, Katuku. Susu yupi tena?"

Katuku aliinua mkono, akakunja vidole viwili, akabakisha vitatu.

"Masusu watatu?"

Mtoto alitikisa kichwa kwa ghadhabu ya mtu anayezungumza na mpumbavu, akainua vile vile vidole vitatu, akausogeza mkono karibu na macho ya mama yake. Kisha akaacha, akaendelea kuchora mchangani.

Na wageni nao. Yeyote aliyekuja akapiga hodi aliitikiwa kabla Kalondu hajafungua kinywa. Waliingia, wakakaa, wakamwuliza kama ana homa, maana sauti yake imezeeka ghafla. Kalondu alisema ni vumbi. Alianza kukohoa makusudi mbele za watu, ili uongo upate miguu.

Aliyekataa kuingia alikuwa Mwanarusi. Huyu, ambaye wengi walimwita Mama Kombo, alikuwa jirani tangu Mabatini, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Mombasa, na mahamri yake yalijulikana hadi stesheni. Alikuja asubuhi na sahani iliyofunikwa, akapiga hodi, akaitikiwa, na akabaki pale pale, mguu mmoja mbele kama aliyekaribia kukanyaga kitu.

"Ingia, Mama Kombo," Kalondu alisema kutoka jikoni nje, nyuma ya nyumba.

"Siingii. Wewe uko huko nyuma. Nani kanikaribisha?"

Kalondu alizunguka, mikono na unga. Wakatazamana.

"Umesikia," alisema Kalondu.

"Sauti ile nimeisikia miaka nikimpelekea mahamri. Njoo huku, mwanangu. Njoo tukae mbali na mlango."

Walikaa juu ya matofali yaliyobaki, na Mwanarusi akamweleza, akiteremsha sauti kila alipolitaja jina. Kabla ya Kalondu, chumba cha sitini na tatu kilikuwa cha Alice. Watu walimwita Alisi wa Mkonge. Kwao ni Chawia, huko milimani, lakini shamba la babake liligawanywa kwa kaka zake, yeye akaambiwa ataolewa. Hakuolewa. Akateremka kwenye shamba la mkonge, akafanya kazi mpaka mashine ikamla vidole viwili, ndipo akaja Mabatini.

"Vidole viwili," Kalondu alisema.

"Vya mkono wa kulia. Akabaki na vitatu. Mbona umeshtuka hivyo?"

"Endelea, Mama Kombo."

"Basi, alipopanga kwa Fuad, kile chumba hakikuwa na mlango. Palitundikwa gunia tu. Fuad alivyo mgumu wajua. Alisi akaagiza mbao huko kwao, akamlipa fundi, akautia mlango wake mwenyewe. Huo hapo. Kitu chake cha pekee duniani. Ndiyo maana ukimpigia hodi alikuwa akijibu vile, karibu, ndani ni kwangu. Tulikuwa tukimcheka. Twamwambia, wee Alisi, ndani ni kwa Fuad, mlango ndio wako. Naye asema, basi, mwenye mlango ndiye mwenye ndani. Siku walipoandika namba, alishinda kutwa ameketi mbele yake, afukuza kuku na watoto, rangi isiguswe kabla haijakauka. Hakuiona ploti. Homa ikamchukua, baraza la mji likamzika."

Kalondu aliutazama mlango. Kutoka mbali namba ilionekana kama jeraha lililopona.

"Na mimi nikaubeba mpaka hapa," alisema. "Lakini mbona alinyamaza kule chini? Tulilala mle miezi, hakusema kitu."

"Kule mlikuwa wapangaji, kama yeye. Hapa ulipofika, ulifanyaje? Uliingia vipi mara ya kwanza?"

Kalondu alifikiri. Kisha akafunika mdomo kwa mkono wenye unga.

"Nilipiga hodi."

"Nyumba tupu, nyumba yako, ukapiga hodi?"

"Nilizoea."

Mwanarusi alivuta pumzi ndefu. "Sisi tukiingia nyumba tupu twatoa salamu. Salamu ni kutoa. Hodi ni kuomba, mwanangu. Na ukishaomba, atakayeitika ndiye mwenyewe."

"Nimwite mchungaji aje amtoe?"

"Amtoe kwenye mlango wake?"

"Basi niuchome."

"Na namba je?"

Mwanarusi aliacha sahani juu ya matofali, na kabla ya kuondoka akageuka, akauambia mlango, kwa adabu kabisa, "Haya, Alisi, kwaheri." Hawakusubiri kusikia kama utaitika.

*

Afisa wa mradi aliitwa Danson, kijana Mtaita mwenye miwani na pikipiki ya kazi. Pikipiki aliiacha mbali, kwenye njia panda, akatembea kwa miguu ili vumbi na mngurumo visimtangaze. Alikuwa akitafuta watu hewa, yaani wale waliojenga chumba kimoja cha kuonyesha huku wakiishi kwingine, au waliopewa ploti wakaipangisha kimya kimya. Jambo hilo lilikatazwa kabisa. Ukipatikana umepangisha, ploti inarudi kwa kundi. Njia yake ilikuwa moja. Alipiga hodi bila taarifa, na aliyemkaribisha kutoka ndani ndiye aliyehesabiwa mwenyeji. Akatia tiki ya chaki kando ya namba. Nyumba yenye tiki ilikuwa imepona.

Kwa Kalondu alifika wakati mwenyewe ameenda kuteka maji. Aliporudi, mtungi kichwani, alimkuta amesimama kivulini, chaki mkononi, na mlango hauna tiki.

"Mama, nimesikitika," alisema Danson. "Wewe nilikuona kwenye matofali. Nilijua wewe huna maneno. Kumbe umepangisha."

"Nimempangisha nani?"

"Huyo bibi aliye ndani. Nimepiga hodi, akanikaribisha. Nikamwuliza, nyumba ni ya nani? Akasema ndani ni kwake. Nikasikia lafudhi ya kwetu, tukasalimiana Kidawida. Akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, na anawajua watu wangu mpaka kwa babu. Mtu mzima vile hawezi kunidanganya."

Kalondu alishusha mtungi taratibu. "Ulimwona?"

"Alifungua mlango kidogo, kukawa na giza. Niliona mkono." Danson alisita, akatazama vidole vyake mwenyewe kana kwamba anavihesabu. "Anaumwa mkono?"

"Bwana Danson, ndani hamna mtu."

Akafungua mlango kwa mguu, ukagonga ukuta. Mkeka, sanduku, sufuria, kigoda. Danson alichungulia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa amesoma, na mtu aliyesoma akikosa maelezo hukimbilia sheria.

"Ametoka kwa nyuma."

"Hakuna mlango wa nyuma."

"Mama, sikiliza. Mimi nawaandikia wakubwa ripoti. Nitarudi Ijumaa. Nitapiga hodi kama kawaida, na atakayenikaribisha ndiye nitamtilia tiki. Akiwa ni wewe, vizuri. Akiwa ni yule bibi, ploti inakwenda kwa kamati, na mtaelewana huko." Alipiga hatua chache, akasimama bila kugeuka. "Kama si mpangaji wako, ni nani?"

Kalondu alitaka kusema. Lakini mwanamke atamwambia vipi afisa wa serikali kwamba mwenye mlango amekuja kudai ploti, tena kwa maneno ya mradi wenyewe?

*

Alituma salamu Taveta kwa dereva wa lori la ndizi, na Jumatano jioni Mwanzia akafika na mkungu begani na mzaha mdomoni.

"Kwa hivyo tumeibiwa nyumba na maiti. Huko Taveta watu huibiwa na walio hai, ni afadhali."

"Piga hodi," alisema Kalondu.

"Kwangu?"

"Piga."

Mwanzia aliugonga mlango akitabasamu. "Hodi, wenyewe."

"Karibu. Ndani ni kwangu."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Akashusha mkungu wa ndizi chini.

"Chukua nyundo na bisibisi," Kalondu alimwambia. "Utoe mlango."

"Tuutupe?"

"Tuutoe tu. Nyumba isiyo na mlango haina hodi."

Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alikuwa ameliwaza usiku na mchana, mpaka likawa wazi kama hesabu ya ubaoni. Yule mama hakuingia kwa nguvu, ni kama aliyeombwa aingie. Kalondu mwenyewe alisimama nje ya nyumba yake kama mpangaji, akamwachia mwenzake nafasi ya kusema karibu. Basi nafasi hizo mbili zilipaswa kubadilishana. Lakini hakutaka kumfukuza. Kila alipofikiria kumfukuza, alimwona ameketi mbele ya rangi mbichi, akiwazuia kuku.

Mwanzia alifungua bawaba. Wakaubeba pamoja, wakauegemeza kwenye rundo la matofali, hatua chache kutoka nyumbani, namba ikitazama nje. Kisha Kalondu akawaingiza wote wawili ndani, mume na mtoto, naye akasimama kwenye uwazi ambapo mlango ulikuwa. Nyuma yake alikuwa ametandika mkeka, akaweka kigoda, na kando ya kigoda kikombe cha chai ya maziwa kinachofuka.

Adhana ya magharibi ilisikika kutoka mjini, ikaisha. Garimoshi la mizigo likapita kuelekea Mombasa, likaitikisa ardhi, likaenda. Baada yake palikuwa na kimya cha aina ambayo mtu husikia damu yake. Udongo mwekundu uliingia giza kidogo kidogo. Mlango uliegemea peke yake pale nje kama mtu aliyefika safari akapumzika.

"Mwaitu," Katuku alimwita mama yake kwa sauti ndogo. "Susu yuko nje."

"Najua."

Nyuma ya mlango, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila matofali, mtu alisema, "Hodi."

Mwanzia alishika bega la mkewe. Kalondu hakuitika. Miguu yake ilitaka kukimbia na hapakuwa na pa kukimbilia; nyumba yenyewe ilikuwa mgongoni.

"Hodi."

Safari hii aliisikiliza vizuri. Haikuwa tena ile sauti ya ndani ni kwangu. Ilikuwa ya chini, yenye adabu kupita kiasi, ya mtu aliyekwisha kujitayarisha kuambiwa hapana, aliyevuta nguo zake pembeni ili asichukue nafasi kubwa. Kalondu aliijua. Alikuwa ameipiga kwa kila mwenye chumba toka Miasenyi hadi Voi, mtoto tumboni, kifurushi kichwani. Ilikuwa hodi ya mpangaji. Woga uliokuwa umemjaa ukasogea kidogo kupisha kitu kingine.

"Hodi," kwa mara ya tatu, ikisikika kwa shida.

"Karibu," alisema Kalondu. "Karibu, susu. Ndani ni kwangu. Pita ukae."

Akasogea upande, kama mtu anavyompisha mzee.

Hakuna kilichoonekana. Baridi ilimgusa mkono wa kushoto, yenye harufu ya mkonge uliolowa, ikapita. Nyuma yake kigoda kililia, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu asiye mzito. Walipogeuka, chai ilikuwa imeacha kufuka.

Mwanzia, aliyekuwa na nyundo mkononi kama silaha ya mtoto, akaiweka chini.

"Shikamoo," akakiambia kigoda.

Waliurudisha mlango kwa mwanga wa taa.

*

Ijumaa, saa saba mchana, Kalondu alikuwa ameketi ndani akichagua maharagwe. Mwanzia alikuwa amerudi Taveta, na Katuku alikuwa kwa Mwanarusi. Aliwasikia kuku wakinyamaza, kisha viatu kwenye changarawe.

"Hodi."

Alisubiri sauti nyingine itangulie, kama ilivyotangulia siku zote. Chumba kilikuwa kimya. Aliona, au alidhani ameona, kigoda kikisogea kidogo kumwelekea, jinsi mgeni anavyomgeukia mwenyeji mtu akibisha.

"Karibu," alisema Kalondu. "Karibu, Bwana Danson. Ndani ni kwangu."

Danson aliingia akiinama. Alimtazama yeye, akatazama pembe zote nne, akatazama kikombe cha chai kilichowekwa mahali pasipo mtu.

"Uko peke yako?"

Kutoka nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya jembe. Pigo, kimya, pigo. Palikuwa na kipande cha ardhi huko ambacho Kalondu alikuwa ameshindwa nacho tangu wahamie, kigumu kama tofali lililochomwa. Hata Mwanzia alikipiga mara moja akakiacha.

"Nina mgeni," Kalondu alisema.

"Mgeni si mpangaji?"

"Mpangaji hulipa. Huyu halipi, wala simdai."

Danson alisikiliza. Pigo, kimya, pigo. "Mgeni wa tangu lini?"

"Jumatano."

"Basi leo ni siku ya tatu," alisema, akijaribu kucheka. "Wenyewe wanasema siku ya tatu mpe jembe."

"Nimeshampa. Ndilo hilo unalolisikia."

Kicheko chake hakikufika mwisho. Alitoka, akainua chaki, akatia tiki kubwa nyeupe kando ya sitini na tatu. Njia fupi ya kwenda kwenye pikipiki ilipita nyuma ya nyumba. Kalondu alisikia hatua zake zikizunguka ukuta, zikapungua, zikasimama. Jembe nalo likasimama. Alimsikia akisalimu kwa Kidawida, taratibu, kama mtoto aliyefundishwa vizuri. Akasikia akiitikiwa. Kisha viatu vikaendelea, bila kukimbia lakini bila kusita, mpaka pikipiki ikanguruma mbali.

Aliinuka na maharagwe yake kwenye ungo. Alipokwenda nyuma hapakuwa na mtu. Kipande chote kilikuwa kimelimwa, matuta yamenyooka, udongo umegeuka mwekundu uliokolea kana kwamba umenyeshewa, na kiangazi kilikuwa katikati. Jembe liliegemea ukutani. Mpini ulikuwa bado na joto, na unyevu wa jasho ulikuwa umeacha alama za kushikwa: kidole gumba, na viwili tu kando yake.

Kalondu alichota konzi ya maharagwe. Akaanza kuyapanda, moja moja.

Jioni Katuku alirudi kutoka kwa Mwanarusi na kipande cha mahamri mdomoni. Alisimama mbele ya mlango, akaitazama ile tiki nyeupe kwa muda. Kisha akausukuma mlango kwa bega, akaingia bila hodi.